Bunduki Zikakumbukwa, Sahani Zikasahauliwa: Uhakiki wa Simulizi za Chama cha Black Panther

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu (S.W.), Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baad.

Siku moja baada ya darasa la Alasiri, kijana mmoja miongoni mwa wanafunzi wetu alitujia akiwa na simu mkononi. Alikuwa ameitazama filamu ya Kimarekani inayohusu chama cha Black Panther, yaani Chui Weusi, akauliza: "Sheikh, hawa walikuwa watetezi wa wanyonge au walikuwa majambazi?" Tulimjibu pale pale mlangoni, tukiwa tunavaa viatu, kwamba hao walikuwa Wamarekani weusi waliobeba bunduki wakafuata ukomunisti, na kwamba habari zao hazimhusu Muislamu. Kijana akaitikia kwa adabu, akaenda zake.

Jibu lile lilitusumbua usiku kucha. Kwa miaka mingi tumewasomesha vijana elimu ya Hadithi, na tumewaambia kuwa habari haipokelewi mpaka ajulikane aliyeileta, alivyoipata, na kama ana jambo linaloweza kumfanya aelemee upande mmoja. Halafu sisi wenyewe tukawahukumu watu kwa habari ambayo hatukumjua msimulizi wake. Na Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Surat Al-Maida, aya ya 8, kwamba chuki yetu juu ya watu isitupeleke kuacha uadilifu. Basi tukaomba tuoneshwe filamu ile, kisha tukatafuta vitabu na kumbukumbu za serikali ya Marekani zilizokwisha kutangazwa. Makala haya ni masahihisho ya jibu letu.

Chama chenyewe

Chama hiki kiliasisiwa Oktoba 1966 mjini Oakland, katika jimbo la California, na vijana wawili waliojuana chuoni, Huey P. Newton na Bobby Seale. El-Hajj Malik El-Shabazz, maarufu kwa jina la Malcolm X, alikuwa ameuawa tarehe 21 Februari 1965, na vijana hawa walijiona kuwa ni warithi wa msimamo wake wa kujilinda. Hata hivyo chama hakikuwa cha Kiislamu, wala kisichanganywe na Nation of Islam. Viongozi wake walisoma maandishi ya Marx na ya Mao. Tunalisema hili mapema ili msomaji asidhani kuwa tunataka kuwavisha kanzu.

Mwanzoni walikuwa wakifuata magari ya polisi mitaani huku wameshika bunduki, jambo ambalo sheria ya California wakati ule ililiruhusu, ili kuzuia watu weusi wasipigwe na kuonewa. Tarehe 2 Mei 1967 waliingia na silaha katika jengo la Bunge la jimbo hilo mjini Sacramento, kupinga muswada wa kukataza kubeba silaha hadharani. Muswada ulipita, ukatiwa saini na gavana wa wakati huo, Ronald Reagan. Lakini picha za siku ile, zenye makoti ya ngozi, kofia nyeusi na mitutu, zilienea dunia nzima, na kwa watu wengi historia ya chama ilianzia hapo na ikaishia hapo. Ukweli ni kwamba chama kiliendelea kuwepo mpaka mwaka 1982. Zile doria za silaha zilikuwa jambo la mwanzo tu katika miaka hiyo 16. Je, katika miaka iliyobaki walikuwa wakifanya nini?

Filamu inaangalia kwa jicho la nani?

Filamu aliyoitazama kijana wetu inaitwa Judas and the Black Messiah. Ilitoka mwaka 2021, na mwongozaji wake ni Shaka King. Inamhusu Fred Hampton, kiongozi wa chama katika jimbo la Illinois, aliyeuawa na polisi kabla ya mapambazuko tarehe 4 Desemba 1969, kitandani mwake mjini Chicago, akiwa na umri wa miaka 21. Pamoja naye aliuawa Mark Clark, kijana wa miaka 22 kutoka mji wa Peoria.

Hatusemi kwamba filamu hiyo ni mbaya. Imetengenezwa kwa ustadi, haimtukani Hampton, na Daniel Kaluuya aliyemuigiza alipata tuzo ya Oscar. Tunachokihoji ni mahali ilikosimama. Mtu tunayefuatana naye tangu mwanzo ni William O'Neal, mwizi wa magari aliyenaswa na FBI, idara ya upelelezi ya serikali kuu, akakubali kuwa jasusi ndani ya chama. Tunaingia naye ofisini anapoingia, na khofu tunayoihisi ni khofu yake ya kugunduliwa. Watoto wakipewa chakula cha asubuhi wanaonekana kwa muda mfupi, kisha tunarudishwa kwenye silaha na njama.

Sasa tujiulize: jasusi alitumwa kuleta habari gani? Alitumwa kuleta habari za silaha na za viongozi, na hatimaye ramani ya nyumba aliyolala Hampton. Hakutumwa kuhesabu sahani. Anayeisimulia historia kupitia macho ya mtu kama huyo atayaona aliyoyaona yeye, na yale ambayo yeye hakuyajali atayapita bila kuyajali. Jina la Mark Clark, kwa wengi, limebaki kuwa la mtu aliyekufa pembeni ya Hampton. Ni wachache wanaojua kwamba kijana huyo kule Peoria alikuwa akihangaika kuanzisha mradi wa kuwalisha watoto kabla ya kwenda shule.

Wapokezi na hali zao

Wanazuoni wetu wa Hadithi wanapoikuta habari nyingi imetoka njia moja, huiangalia njia hiyo. Habari za Black Panther zilizoenea zimetoka katika njia tatu: faili za polisi, mashitaka ya mahakamani, na magazeti yaliyowategemea hao wawili. Tuchukue mfano wa usiku ule wa Chicago. Asubuhi yake watu walitangaziwa kwamba kulikuwa na mapambano makali ya risasi kati ya polisi na wanachama. Gazeti kubwa la mji likachapisha picha, zilizotoka upande wa mwendesha mashitaka, za matundu yaliyodaiwa kuwa ya risasi walizopiga wanachama. Waandishi wengine walipokwenda kuitazama nyumba, matundu yale yakaonekana kuwa ni vichwa vya misumari. Mwaka 1970 jopo la serikali kuu lililochunguza jambo hilo liliona kwamba polisi walipiga risasi zaidi ya 80, na iliyotoka upande wa wanachama ilikuwa moja tu. Mwaka 1982 kesi ya madai iliyofunguliwa na jamaa za wahanga na walionusurika ilimalizika kwa malipo ya dola milioni 1.85.

Mpokezi aliyepatikana na jambo kama hili hatupokei habari zake bila ya kuzipima. Ibn Khaldun katika Muqaddima yake aliwalaumu wanahistoria walionakili habari bila kuzipima kwa akili na hali za watu. Kama angekuwepo leo, nadhari yake hapa isingepotea.

Kuna upungufu wa pili. Waliokuwa wakipika, wakifundisha na kuwahudumia wagonjwa hawakufunguliwa kesi kwa kazi hiyo, kwa hiyo hawakuingia katika kumbukumbu za mahakama. Wengi wao walikuwa wanawake, ambao mwanzoni mwa miaka ya 1970 ndio waliokuwa wengi katika chama. Wanafunzi wa elimu ya dini watalifahamu hili upesi. Lau kama wanazuoni wetu wasingepokea riwaya za Mama wa Waumini Aisha (R.A.) na wenzake, mambo mengi ya nyumbani kwa Mtume (S.A.W.) yasingetufikia, na tungebaki na vita na mikataba. Historia inayopokewa kwa walioshika silaha peke yao hutoa sura ya watu wasiokula, wasiougua na wasiolea.

Ni haki kutaja kwamba kasoro hii imeanza kurekebishwa. Alondra Nelson, katika kitabu chake Body and Soul cha mwaka 2011, alieleza kazi za afya za chama hiki. Mwaka 2022 mpiga picha Stephen Shames pamoja na Ericka Huggins, aliyekuwa mmoja wa viongozi wa chama, walitoa kitabu cha Comrade Sisters kuhusu wanawake wake. Lakini kitabu husomwa na wachache, na filamu hutazamwa na wengi.

Yaliyoachwa katika matini

Januari 1969, katika Kanisa la Mtakatifu Augustino la Kiepiskopali huko West Oakland, wanachama walianza kutoa kifungua kinywa cha bure kwa watoto wa shule. Padri wa kanisa hilo, Earl Neil, aliwapa ukumbi na jiko. Muumini wake mmoja, Ruth Beckford, mwalimu wa dansi, alisaidia kupanga chakula baada ya kuwauliza wataalamu wa lishe. Siku ya kwanza walikuja watoto 11. Mwisho wa wiki walifika 135. Kabla ya mwaka kumalizika mradi ulikuwa umefika miji mingi, na watoto waliokuwa wakilishwa walikadiriwa kufika 20,000.

Kazi yenyewe haikuwa na fahari yoyote. Vijana waliamka kabla ya mapambazuko, wakakaanga mayai, wakachoma mikate, wakapika uji mzito wa mahindi, wakamimina maziwa, na mara nyingine wakatoa nyama ambayo sisi hatuli. Chakula walikiomba kwa wenye maduka na kwa majirani. Watoto wakishakula, waliosha vyombo wakafagia ukumbi, na kesho yake wakaanza upya.

Baada ya hapo ikaja afya. Mwaka 1970 kila tawi lilitakiwa kufungua zahanati ya bure, na zikapatikana zaidi ya 10, kwa msaada wa madaktari na wauguzi waliojitolea. Zahanati waliyoianzisha mjini Seattle haikufa na chama. Iliendelea kama kituo cha afya chenye jina la Carolyn Downs, mmoja wa wanachama wa huko.

Wakaligusa na jambo linalotuhusu sisi watu wa Afrika Mashariki moja kwa moja, nalo ni ugonjwa wa selimundu. Nani katika wasomaji wetu, wa Pwani au wa Kanda ya Ziwa, ambaye hajaona mtoto wa ndugu au wa jirani akilia kwa maumivu ya mifupa, macho yamekuwa ya manjano, akiongezwa damu mara kwa mara? Ugonjwa huu ulivuka bahari pamoja na mababu zao waliotekwa utumwani, na Marekani ulikuwa umepuuzwa kwa sababu waliougua wengi wao ni weusi. Kuanzia mwaka 1971 chama kilipeleka upimaji mitaani na nyumba kwa nyumba. Katika mkutano wao wa Oakland wa mwishoni mwa Machi 1972 maelfu ya watu walipimwa, na palitangazwa mifuko 10,000 ya chakula ya kugaiwa, kila mmoja na kuku wake. Mwezi wa Mei mwaka huo huo Rais Nixon alitia saini sheria ya kitaifa ya kukabiliana na ugonjwa huo. Hatusemi kwamba sheria ilitoka kwao peke yao. Tunasema kuwa walioupigia kelele ugonjwa huo barabarani walikuwemo.

Mjini Winston-Salem, North Carolina, watu weusi masikini walikuwa wakiachwa nyumbani na magari ya wagonjwa kwa kuwa hawana fedha za kulipa. Tawi la huko likaanzisha gari lake la wagonjwa mwaka 1974, likawafundisha vijana huduma ya kwanza. Oakland wazee waliokuwa wakiporwa wanapokwenda kuchukua fedha zao waliwekewa vijana wa kuwasindikiza. Jamaa za wafungwa walipatiwa mabasi ya bure ya kwenda magerezani. Na ikawepo shule, iliyojulikana kama Oakland Community School, ambayo Ericka Huggins aliiongoza kuanzia mwaka 1973 mpaka 1981. Watoto walikula hapo hapo shuleni, wakasoma kwa makundi kufuatana na uwezo wao, na mwaka 1977 Bunge la California likaipa shule hiyo heshima rasmi kwa ubora wa mafundisho yake.

Hasimu aliposhuhudia

Huenda mtu akasema: haya ni maneno ya wafuasi, na mfuasi husifu chake. Ni pingamizi yenye maana, nasi tuijibu kwa kanuni ya fiqhi.

Wanazuoni walio wengi, wakiwemo wa madhehebu yetu ya Imamu Shafi'i (R.A.), hawakubali ushahidi wa adui dhidi ya adui yake, kwa sababu ya tuhuma: chuki huweza kumpotosha. Lakini adui akimshuhudia adui yake kwa jambo la kheri, ushahidi huo hukubaliwa, kwa kuwa tuhuma haipo. Hakuna mtu anayesema uongo ili kumnufaisha anayemchukia.

Sasa, nani alikuwa adui mkubwa wa Black Panther? Ni J. Edgar Hoover, mkuu wa FBI, aliyewatangaza kuwa ni hatari kubwa kwa usalama wa ndani wa nchi. Mwezi wa Mei 1969 mkuu huyu aliwaandikia maofisa wake waraka wa siri kuhusu chama hicho. Humo alieleza kwamba shughuli bora na yenye nguvu zaidi ya chama ni mradi wa kuwalisha watoto, na kwa sababu hiyo mradi huo ndio kizuizi kikubwa kwa juhudi za serikali za kukimaliza. Hakuitaja mitutu ya Sacramento kuwa ndiyo nguvu yao. Alitaja mradi wa mayai na maziwa.

Maneno yalifuatwa na vitendo. Kamati ya Seneti ya Marekani iliyoongozwa na Seneta Frank Church, iliyofanya kazi mwaka 1975 na 1976, iliandika jinsi FBI ilivyoendesha mpango wa siri uitwao COINTELPRO. Miongoni mwa yaliyofichuliwa ni kitabu cha watoto cha kupaka rangi chenye picha za kuua polisi. Uongozi wa chama ulikuwa umekikataa kitabu hicho na kuamuru kiharibiwe. FBI ikawapelekea wafanyabiashara waliokuwa wakitoa chakula, ili waamini kuwa hicho ndicho wanachosomeshwa watoto mezani, na waache kutoa.

Basi huu ndio ushahidi wa hasimu, kwa kalamu yake, katika waraka ambao hakukusudia usomwe na watu. Wanaosimulia historia hii leo na kuipita sahani ili waifikie bunduki wameiacha riwaya yenye nguvu, wakashika iliyo dhaifu.

Jarhi juu ya chama chenyewe

Uadilifu hauna upande mmoja. Mei 1969, mjini New Haven, wanachama wa chama hiki walimtesa na kumuua mwenzao, Alex Rackley, kwa kumdhania kuwa ni jasusi. Hiyo ni damu iliyomwagwa kwa dhana, na hakuna sahani ya uji inayoifuta. Huey Newton aliharibikiwa na madawa ya kulevya na ukatili, na mwaka 1989, miezi michache kabla hajauawa mtaani Oakland, alitiwa hatiani kwa kula fedha za ile shule. Fedha ya watoto ni amana, na aliyeila ameila amana, awe amefanya mema mangapi kabla yake.

Tena kulikuwa na suala la nia. Chama chenyewe kilisema kwamba huduma hizi ni za kuwahifadhi watu mpaka mapinduzi yatakapofika. Mezani watoto walifundishwa nyimbo na siasa za chama. Sisi tunaona kuwa chakula cha mwenye njaa kisifanywe chambo, na hili tunawaambia hata wale wa kwetu wanaogawa futari ya Ramadhani mbele ya kamera.

Lakini hapa pia tunawapinga wasifiaji wapya, ambao wameichukua sahani wakaiondolea madai yake, mpaka Black Panther wakawa kama jumuiya ya akina mama wa kanisa. Vijana wale hawakulisha watoto ili waonekane wema. Walilisha ili kila mtu aone kwamba nchi tajiri kuliko zote duniani inawapeleka watoto shule na njaa. Serikali ilikuwa na mradi wake mdogo wa majaribio tangu mwaka 1966. Mwaka 1975 ukafanywa wa kudumu nchi nzima. Anayetaja sahani akaficha madai ameikata habari katikati, sawa na yule anayetaja bunduki akaficha sahani.

Na je, yafaa kuwasifia wema wasiokuwa Waislamu? Mtume (S.A.W.) kabla ya kupewa utume alihudhuria Hilful Fudhul, ule mkataba wa Makka uliofungwa nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an wa kumsaidia aliyedhulumiwa. Waliofunga mkataba huo hawakuwa Waislamu. Baada ya utume hakuukana. Alieleza kuwa hata katika Uislamu angeitwa kwa jambo kama lile angeitika. Dalili hiyo inatosha.

Imbaseni

Tulimwambia kijana wetu kwamba habari za watu hawa hazituhusu. Hapo napo tulikosea, hata kwa ramani. Pete O'Neal, mwenyekiti wa tawi la Kansas City, alitiwa hatiani mwaka 1970 kwa kosa la kusafirisha bunduki kutoka jimbo moja hadi jingine. Alikimbia nchi pamoja na mkewe Charlotte, wakapitia Algeria, na mwaka 1972 wakafika Tanzania. Walikaa kijiji cha Imbaseni, si mbali na mji wa Arusha. Huko hawakufungua kambi ya silaha. Mwaka 1991 walianzisha kituo cha jamii, ambapo vijana wa kijijini walisomeshwa bure Kiingereza, kompyuta na sanaa, na baadaye watoto wenye shida wakapewa malazi na malezi. Katika kijiji hicho hicho alifariki, tarehe 2 Juni 2011, Geronimo Pratt, mwanachama aliyekaa jela miaka 27 mpaka hukumu yake ilipofutwa mwaka 1997.

Mtu aliyetoroka na jina la bunduki, alipopata mahali pa kutulia, alirudia kazi gani? Alirudia kazi ya watoto. Hii ni qarina, na hakimu haipuuzi qarina.

Linalotuhusu sisi

Tunakiri jambo moja mbele ya wasomaji wetu. Zamani tulipokuwa tukisomesha chuoni, alikuwepo mtoto mmoja aliyekuwa akisinzia kila asubuhi juu ya juzuu yake. Tukamchapa mara mbili, tatu. Siku moja jirani yao akatuambia kwamba nyumbani kwa mtoto yule mlo ni mmoja, wa jioni, na siku nyingine hata huo haupo. Tulikuwa tumemsomesha mtoto huyo Surat Al-Maun kwa tajwidi, sura inayomkemea asiyehimiza kumlisha masikini, na fimbo ikiwa mkononi mwetu. Hatukuwahi kumuuliza kama amekula.

Kwa ajili hiyo hatuwaandikii maimamu wenzetu makala haya ili wahutubie habari za Oakland. Misikiti yetu mingi ina kamati ya ujenzi na ya vipaza sauti, na ni mema. Ni michache yenye mtu aliyepewa jukumu la kujua ni watoto wangapi wanakuja chuoni bila kula, ni nani mwenye mtoto wa selimundu asiye na nauli ya kliniki, ni mzee gani anaishi peke yake. Padri Earl Neil alianza kwa kutoa ukumbi na jiko. Kumbi sisi tunazo, na sufuria za maulidi tunazo.

Na anayeifanya kazi hiyo aiandike. Liwekwe daftari la kilichopokewa, kilichopikwa na waliokula, likaguliwe na wengine, ili asipatikane kwetu mtu wa kula fedha za watoto, na ili baada ya miaka 50 historia ya masikiti yetu isije ikasimuliwa kutokana na faili za wengine peke yake. Waliokuwa wakiosha sahani Oakland hawakuwa na mwandishi, na tumeyaona matokeo yake.

Kijana wetu tulimwita. Tukamwambia kuwa jibu la siku ile lilikuwa la haraka na halikuwa na elimu ndani yake, tukamsomea haya tuliyoyaandika hapa. Akauliza kama tutaanza chai ya asubuhi chuoni kwetu. Tumeanza na siku mbili kwa wiki, Jumamosi na Jumapili: uji na mkate, watoto 23. Daftari analishika yeye.

Wabillahi tawfiq.